Okestra iko wapi?

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili na Muziki katika shule moja ya upili, niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Tatu zoezi la insha. Niliwataka wachague aina moja ya muziki wa kigeni, waeleze sifa zake, kisha waonyeshe uhusiano wake na aina zinazokaribiana nayo. Wengi walichagua rege. Wengine walichagua rumba. Mmoja, kijana mkimya aliyependa kukaa nyuma ya darasa, alichagua roki ya kisimfonia. Nilistaajabu aliujulia wapi muziki huo, hadi niliposikia kwamba ami yake alikuwa baharia aliyerejea Mombasa na kasha zima la santuri.

Insha yake ilikwenda vizuri mpaka ukurasa wa tatu. Hapo alidai kwamba wimbo "Bohemian Rhapsody" wa bendi ya Queen ni jamaa wa karibu wa roki ya kisimfonia. Nilishika kalamu yangu nyekundu, nikaandika pambizoni: "Okestra iko wapi?" Kisha nikampunguzia alama sita kati ya ishirini. Kijana hakuja kulalamika. Enzi hizo mwanafunzi hakuja kulalamika.

Mwaka huu ameniandikia. Naye sasa ni mwalimu, na wanafunzi wake, ambao hubeba muziki wa dunia nzima katika simu zao, wamemletea bendi ya Nightwish ya Ufini na kumwuliza kama hii inayoitwa metali ya kisimfonia ni mtoto halali wa roki ya kisimfonia au ni jina la kuazima tu. Barua yake ilimalizika hivi: "Mwalimu, mimi uliniuliza okestra iko wapi. Hawa wangu wana okestra kamili, tena na kwaya juu yake. Je, wao wamefaulu?"

Mpenzi msomaji, nakiri mapema kwamba swali langu la wino mwekundu lilikuwa swali baya. Ubaya wake haukuwa katika ugumu wa jibu. Ulikuwa katika kudhani kwamba aina ya muziki hujulikana kwa kuhesabu ala zilizomo. Ingekuwa hivyo, taarabu ya Unguja, yenye fidla zake, ganuni yake na besi yake, ingekuwa simfonia tangu zama za mababu, na hapana mtu mwenye akili timamu aliyewahi kusema hivyo. Sisi walimu wa fasihi tunajua vyema zaidi. Hatusemi kwamba andiko fulani ni tamthilia kwa kuwa lina wahusika. Hadithi nayo ina wahusika. Tunatazama limejengwaje. Lakini nilipovuka kutoka somo moja hadi jingine, mizani yangu niliiacha mlangoni.

Ukoo huu mzima, yaani roki ya kisimfonia pamoja na jamaa zake wazito, unaweza kuelezwa kwa kuanzia mji mmoja tu. Mji huo ni Birmingham, kitovu cha viwanda katikati ya Uingereza. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kulianza kuundwa kinanda cha ajabu kiitwacho mellotroni. Chini ya kila kitufe cha kinanda hicho uliwekwa utepe wa sumaku, kama ule wa kaseti, uliorekodiwa sauti halisi ya fidla, filimbi au kwaya. Mpigaji alipobonyeza kitufe, utepe ulivutwa na sauti ikatoka kwa muda wa sekunde nane hivi. Baada ya hapo palikuwa na ukimya, mpaka kidole kiinuliwe na utepe urudi mahali pake. Kilikuwa kinanda kizito, kiliharibika ovyo, na fidla zake zilikuwa na mtetemo kama wa mtu anayeimba huku akisikia baridi. Hata hivyo, kilimpa kijana asiye na pesa uwezo wa kupanda jukwaani akiwa na kundi zima la wapiga fidla ndani ya sanduku.

Miongoni mwa waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kilichounda mellotroni alikuwa Mike Pinder, ambaye mwaka 1964 alikuwa mmoja wa walioasisi bendi ya Moody Blues mjini humo. Mnamo Novemba 1967 bendi hiyo ilitoa santuri iitwayo "Days of Future Passed", inayosimulia siku moja tangu alfajiri hadi usiku. Waandishi wengi huitaja kuwa miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za roki ya kisimfonia, na okestra inayosikika ndani yake inatajwa kwa jina: London Festival Orchestra, chini ya uongozi wa Peter Knight. Lau mwanafunzi wangu angeitaja hiyo, ningempa alama zote bila kusita. Lakini isikilizeni santuri yenyewe kwa makini. Kwa sehemu kubwa bendi na okestra hazipigi pamoja hata kidogo. Okestra hufungua pazia, bendi huimba, okestra hurejea kuunganisha wimbo huu na ule, mithili ya arusi ya pwani ambamo wanaume wamekaa ua huu na wanawake ua ule, na bashasha ni moja. Zile fidla zinazomliza msikilizaji katika wimbo "Nights in White Satin" ni, kwa sehemu kubwa, mellotroni ya Pinder. Kumbe hata katika santuri iliyolipa umbo jina hili, mtu aliyeuliza okestra iko wapi angeelekezwa ua wa pili!

Miaka miwili baadaye palitokea kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinafundisha zaidi kuliko fasili zote zilizowahi kuandikwa. Tarehe 24 Septemba 1969, katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, bendi ya Deep Purple iliketi mbele ya Royal Philharmonic Orchestra. Mpiga kinanda wake, Jon Lord, aliyefundishwa piano ya kiklasiki tangu utotoni, alikuwa ametunga kazi ya sehemu tatu kwa ajili ya bendi na okestra. Aliyeongoza alikuwa Malcolm Arnold, mtunzi mashuhuri wa Uingereza. Katika sehemu ya kwanza Lord aliwafanya wawili hao mahasimu kwa makusudi: okestra husema lake, bendi ikajibu kwa ukali. Katika sehemu ya pili wanasogeleana na Ian Gillan anaimba. Katika ya tatu wanakwenda pamoja.

Ndani ya bendi yenyewe hapakuwa na umoja. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa, hakutaka bendi yake ijulikane kama vijana wanaopiga na okestra. Alitaka gitaa liwe juu na sauti iwe kubwa. Alipata alichokitaka. Mwezi Juni 1970, wanamuziki wale wale watano walitoa santuri "Deep Purple in Rock", ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa nguzo za roki nzito na za metali. Kati ya ukumbi ule na santuri hii ni miezi isiyotimia tisa. Katika muda wa mimba moja, mikono ile ile ilikuwa imegusa chanzo cha mito miwili. Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia vijana wakitukanana kwamba mashabiki wa simfonia ni watu laini na wa metali ni watu wa kelele. Babu yao ni mmoja, tena alibadili koti tu.

Kisa hicho kina mkia. Karatasi za nota za kazi ya Lord zilipotea mwaka 1970, na kwa karibu miaka thelathini haikuweza kupigwa tena. Mtunzi mmoja wa Uholanzi, Marco de Goeij, aliketi akasikiliza rekodi, akaandika upya sehemu ya kila ala, kisha akakamilisha kazi hiyo pamoja na Lord mwenyewe. Septemba 1999 ilipigwa tena katika ukumbi ule ule. Ninyi wanafunzi mnaolalamikia imla ya nusu ukurasa, fikirieni imla ya okestra nzima.

Turudi Birmingham. Katika mtaa wa Aston, kijana wa miaka 17 aliyeitwa Tony Iommi alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Iommi hupiga gitaa kwa shoto, kwa hiyo mkono huo ndio unaobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akatumia nyuzi nyembamba zaidi, na baadaye akazilegeza nyuzi hizo ili zisimwumize. Nyuzi zilizolegezwa hushuka sauti, na sauti iliyoshuka huwa nzito. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa santuri yake ya kwanza tarehe 13 Februari 1970. Kwamba muziki utakaoitwa metali uliguswa tangu mwanzo na mashine ya kiwanda cha mabati ni sadfa ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuitumia.

Tazameni sasa. Moody Blues na Black Sabbath ni watoto wa mji mmoja, waliopishana kwa miaka michache. Wote walianzia katika bluzi, muziki wa Wamarekani weusi. Mmoja alitafuta upana, mwingine akatafuta uzito. Uzito huo hukaa katika sauti yenyewe: gitaa lenye mkwaruzo, kifungu kifupi kinachorudiwa kama nyundo, ngoma zinazopigwa kwa nguvu. Huhitaji kusikiliza dakika ishirini ili ujue kwamba hii ni metali; sekunde tano zatosha. Upana haujulikani hivyo. Upana hutaka muda, kwa sababu ni jambo la mpangilio: kilichosemwa mwanzoni kinakuwaje katikati, na kinarudije mwishoni.

Mfano ulioniamsha mimi ni santuri "Close to the Edge" ya bendi ya Yes, iliyotoka Septemba 1972. Wimbo uliobeba jina la santuri hiyo huchukua zaidi ya dakika kumi na nane na umegawanywa katika sehemu nne. Okestra hamna. Kuna gitaa, besi, ngoma, sauti za kuimba, na vinanda vya Rick Wakeman, kijana aliyewahi kusoma katika Royal College of Music akaondoka kabla ya kuhitimu. Kwa ajili ya kifungu kimoja alikwenda kupiga kinanda cha mabomba katika kanisa la St Giles, Cripplegate, jijini London. Wimbo huanza kwa sauti za maji na ndege. Kiitikio husikika, hubadilishwa mapigo, hutoweka kabisa katikati penye utulivu mkubwa, kisha hurejea mwishoni kikiwa kimepanuka, na baada yake maji na ndege wale wale. Hivyo ndivyo watunzi wa simfonia wa karne ya 19 walivyofikiri: wazo hupelekwa safari, na msikilizaji hulipokea likirudi limekomaa. Bendi hiyo hiyo ilikuwa imekodi wapiga fidla miaka miwili kabla, katika santuri "Time and a Word" ya 1970. Fidla zimo, ila nyimbo zimebaki nyimbo za kawaida zilizovishwa nguo za Idi. Kwa hiyo Yes walikuwa na okestra wasiwe na simfonia, kisha wakaiacha okestra wakaipata simfonia. Nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza niliikumbuka kalamu yangu nyekundu, na sikufurahi.

Birmingham ile ile inatupa mfano wa kinyume. Mwaka 1970 ilianzishwa huko bendi ya Electric Light Orchestra. Jina lina okestra, jukwaa lina wapiga selo, lakini nyimbo zake nyingi zilizotamba ni za dakika tatu au nne, zenye ubeti, kiitikio na furaha tele. Ni nyimbo za pop zilizopambwa kwa ustadi mkubwa, na sisemi hivyo kwa kuzidharau. Nazipenda kuliko nyingi za wale waliojiita wazito. Nao King Crimson, ambao mwaka 1969 waliujaza umeme wa mellotroni katika santuri yao ya kwanza, mwaka 1972 walimwingiza mpiga fidla, David Cross, katika bendi. Je, fidla hiyo iliwafanya wa kisimfonia zaidi? Hasha! Iliwapeleka mbali na simfonia, kwenye muziki mkavu, wa kubuni papo kwa papo, wenye vifungu vya gitaa ambavyo wapiga metali wa baadaye walivisoma kama msahafu.

Wenzangu walimu wa ushairi watanielewa upesi kuliko wanamuziki. Twaa shairi lenye mishororo minne kila ubeti, tutaliita tarbia. Ikiwa vina vya ndani na vya nje ni vile vile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, tutaliita mtiririko. Ikiwa maneno yanayofunga ubeti ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata, tutaliita pindu. Shairi ni moja, majina ni matatu, na hapana ugomvi, maadamu kila jina hujibu swali lake: idadi ya mishororo, mpangilio wa vina, na usukaji wa maneno. Mwanafunzi anayeuliza "Mwalimu, ni tarbia au ni mtiririko?" tunamwelewesha kwamba "au" hiyo ndiyo kosa.

Majina ya ukoo wa roki ni hivyo hivyo. "Metali" hujibu swali la uzito wa sauti. "Kisimfonia" hujibu swali la ujenzi, au angalau ndivyo ipasavyo. "Kiprogresivu" hujibu swali la nia: ni roki inayokataa kufungwa katika wimbo wa dakika tatu, iwe itatoroka kwa njia ya jazi, ya nyimbo za kienyeji, ya mitambo ya umeme, au ya okestra. Roki ya kisimfonia huwa, aghalabu, chumba kimoja katika nyumba hiyo kubwa ya kiprogresivu, ingawa mlango wake wa nyuma umefunguka upande wa pop. Na ile metali inayoitwa ya kiklasiki mamboleo, ambayo Yngwie Malmsteen wa Uswidi aliipa sura yake mwaka 1984 kwa santuri "Rising Force", hujibu swali la nne: mahadhi na mbinu za vidole zimetoka kwa nani? Kwake yeye zimetoka kwa Bach na Paganini, kwa kupitia Blackmore, ambaye tulimwacha akinuna mbele ya okestra. Malmsteen hajengi simfonia katika santuri hiyo. Anakimbia kama mpiga fidla wa zamani, kwa gitaa, na anakimbia kweli.

Yaliyoupata muziki huu mwishoni mwa miaka ya 1970 nitayapitia haraka, kwani yalikuwa mambo ya fedha kuliko ya sanaa. Mwaka 1977 Emerson, Lake and Palmer, waliokuwa wamekwisha kuigeuza kazi ya Mussorgsky kuwa roki, walianza ziara ya Amerika Kaskazini wakiwa na okestra ya watu sabini hivi. Gharama ziliwashinda, na baada ya muda mfupi okestra ilirudishwa nyumbani. Mwaka huo huo Sex Pistols walitoa santuri ya nyimbo fupi zilizotaka gitaa, hasira na vidole vichache tu. Magazeti ya muziki ya Uingereza yakatangaza kwamba nyimbo za dakika ishirini zimekufa. Hazikufa, ila zilikonda.

Tufike sasa kwa bendi za wanafunzi wa mwanafunzi wangu. Mnamo Aprili 1999, mjini Berkeley, California, bendi ya Metallica ilipiga pamoja na San Francisco Symphony chini ya Michael Kamen. Nyimbo zilikuwa za Metallica wenyewe, karibu zote zilizokwisha kurekodiwa na kupendwa miaka mingi kabla. Kamen aliziandikia sehemu za okestra juu yake. Ni kazi ya heshima, na kuna mahali ambapo damu husisimka. Lakini ondoa okestra, na wimbo unabaki mzima vile vile, kama kanzu iliyotolewa taraza yake. Kwa upande mwingine kuna Apocalyptica wa Helsinki, wapiga selo wanne ambao mwaka 1996 walitoa santuri nzima ya nyimbo za Metallica bila gitaa hata moja. Ala zote ni za okestra, lakini muziki ni metali tupu, kwani uzito umo katika upinde unavyokwaruza nyuzi. Wawili hawa wangetosha kuichana insha yangu ya mwalimu mjuaji vipande viwili.

Nightwish ni jambo gumu zaidi. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1996 mjini Kitee, mashariki mwa Ufini, na mpiga kinanda Tuomas Holopainen. Mwimbaji wake wa kwanza, Tarja Turunen, alisomea uimbaji wa kiklasiki. Mwaka huo huo Therion wa Uswidi, walioanza kama bendi ya metali ya kifo, walitoa santuri "Theli" yenye kwaya, na njia ikawa wazi. Katika nyimbo nyingi za mkondo huu, nasema bila kuficha, simfonia ni vazi. Vinanda vya umeme huiga okestra, kwaya hupaza sauti za kutisha, gitaa hupiga mapigo yake ya chini, na umbo la ndani ni lile lile la ubeti na kiitikio. Vazi la kifahari si dhambi, lakini mwalimu anayesahihisha hana budi kuona mwili uliomo.

Hata hivyo, Nightwish wana kazi chache zinazonilazimisha kuvua kofia. Katika santuri "Once" ya mwaka 2004, ambayo okestra yake ilirekodiwa London, kuna wimbo wa dakika kumi, "Ghost Love Score". Hapo gitaa na okestra wanapokezana wazo moja, wanalikata, wanalisubirisha, na mwisho wake hauwezi kueleweka bila mwanzo wake. Jaribu kuiondoa okestra, wimbo utaporomoka. Mwaka 2015 walitoa wimbo mwingine wa dakika 24 unaosimulia mageuko ya viumbe, na mwanabiolojia Richard Dawkins anasikika akisoma ndani yake. Huu wa pili hunichosha kidogo, lakini kuchoka kwangu si kigezo cha uainishaji. Kwa hiyo jibu langu kwa wale vijana ni hili: kwa jina la metali wamefaulu wote, kwa kuwa sauti inatosha. Kwa jina la kisimfonia, wasahihishwe wimbo baada ya wimbo. Na wala si kweli kwamba metali ya kisimfonia ni mtoto wa moja kwa moja wa Yes na Genesis. Wengi wa waliouanzisha mkondo huo walikulia katika metali na muziki wa filamu, nao waliifikia okestra kwa njia yao wenyewe. Ni binamu waliofanana pua kwa sababu ya babu yule wa 1969 na 1970.

Imebaki Queen, na imebaki insha ya kijana wangu.

Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mwana wa wazazi Waparsi. Alisomeshwa India, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya mapinduzi. Mji Mkongwe unamdai kwa haki, ingawa sitajaribu kuisikia taarabu katika piano yake. Wengine wamejaribu na sikushawishika. "Bohemian Rhapsody", uliotoka mwaka 1975, huchukua karibu dakika sita. Hufunguliwa kwa sauti tupu za kuimba, hufuata piano na huzuni, kisha gitaa, kisha opera, kisha roki nzito kama ya bendi yoyote ya metali ya enzi hizo, na mwisho utulivu unaorejea kauli iliyosikika mwanzoni. Ile kwaya ya opera si kwaya. Ni watu watatu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, walioimba na kujirekodi tena na tena juu ya sauti zao wenyewe. Katika ushairi wetu tunalo jina la shairi linalochanganya bahari kadhaa ndani yake: tunaliita sakarani. Sioni neno lifaalo zaidi. Sehemu moja ni jamaa wa metali, nyingine ni jamaa wa opera, na mshono unaozifunga ni wa kisimfonia kwa namna ile ya "Close to the Edge", ingawa mawazo yake hayapewi muda wa kukua. Kijana aliandika "jamaa wa karibu". Hakuandika "ni yenyewe". Niliisoma insha yake kwa pupa.

Nimemjibu barua yake. Nimemwambia kwamba katika zile alama sita nimemrudishia nne, pamoja na radhi za mwalimu wake. Mbili nimezizuia. Brian May na baba yake walianza kuunda gitaa kwa mikono yao mwaka 1963, shingo yake ikichongwa kutoka ubao wa dohani kuukuu, na kwa gitaa hilo alirekodi sauti juu ya sauti mpaka zikawa kama safu za fidla na tarumbeta. Katika santuri ile ile yenye "Bohemian Rhapsody" mna wimbo uitwao "Good Company", ambamo gitaa hilo linaigiza bendi nzima ya jazi ya kizamani, ala moja baada ya nyingine. Niliuliza pambizoni okestra iko wapi. Ilikuwa katika gitaa hilo, na kijana, katika kurasa zake zote tano, hakulitaja hata mara moja.